Habari ya Goti la Kulia la Bi Khole binti Zahor

Zimeni televisheni, enyi mliohudhuria. Wekeni chini vikombe vya kahawa, mwenye simu na aigeuze kifudifudi, mwenye mtoto anayelia na amtie kipande cha halwa mdomoni, kwani nataka kusimulia jambo ambalo mji wa Maskati, tangu zilipojengwa kuta zake na kupandishwa mizinga juu ya majabali yake, haujapata kuliona. Sitasimulia habari za wafalme wala majeshi ya baharini. Hao wana waandishi wao, tena wa mishahara. Nasimulia habari za Bi Khole binti Zahor, mwalimu mstaafu, mjane wa heshima, bingwa wa fimbo ya miguu minne, aliyekaa chumba cha mwisho cha korido katika makazi ya wazee ya Rayhani, kule Ghubra. Na habari za goti lake la kulia. Na habari za siku ile aliposhika simu akatamka neno ambalo hakuna mwanamke wa ukoo wake aliyewahi kulitamka mbele ya mtu baki.

Msije mkadhani alitupwa pale. Siku aliyohamia ukoo mzima ulilia, na aliyelia zaidi ni mwanawe Mahfoudh, mtu mkubwa wizarani, mwenye jumba Madinat Sultan Qaboos. Lakini jumba lile lilikuwa na ngazi. Goti la Bi Khole lilipigana na ngazi zile asubuhi na jioni hadi likasalimu amri, na Bi Khole, ambaye hakuzoea kubebwa na mtu tangu alipojua kutembea, akafunga mabegi yake mwenyewe akatangaza kuwa anakwenda kukaa na wenziwe kupiga soga. Majirani walisema waliyosema. Yeye alisema Rayhani kuna lifti.

Yote aliyoyaacha nyuma aliyasamehe, isipokuwa sinia la Idi. Nyumbani kwa Mahfoudh, kama ilivyokuwa kwa baba zake, chakula cha Idi huliwa mkekani, wanawake wamelizunguka sinia moja la wali, na juu ya wali ile nyama ya shuwa iliyofukiwa shimoni ikaiva hadi inaachana na mfupa bila kuombwa. Upande unaotazama dirisha, panapoangukia nyama ya bega, palikuwa pake Bi Khole. Ikaja Idi ambayo goti lilikataa kukunjika. Wakamkalisha kwenye kiti, wakampa sahani, uma na kijimeza, kama mgeni wa ubalozi, akawa anakula peke yake juu ya vichwa vya watu wake, huku vichekesho vikimfikia vimeshapoa. Na pahala pake akakaa wifi yake, Bi Shaikha. Bi Shaikha alikaa pale kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa unyenyekevu huo huo akala bega lote. Idi iliyofuata alifika wa mwanzo na kuinuka wa mwisho, asije mtu akamnyang'anya ngome.

Hapo ndipo Bi Khole alipoapa kuwa atarudi mkekani.

Akaitwa Balqis, mtaalamu wa tiba ya viungo, binti mwembamba mwenye mikono ya chuma, naye akawa anakuja Rayhani na mpira wake wa kuvutwa na godoro lake la mazoezi. Bi Khole alikunja, akakunjua, akalaani kwa Kiarabu, akatubu kwa Kiswahili. Goti likaanza kutii. Kutoka kitini akashuka hadi kwenye kigoda, na kutoka kwenye kigoda hadi mkekani pakabaki shibiri moja. Shibiri moja tu, enyi mliohudhuria! Na gharama zote zikirejeshwa na bima, ile bima aliyokatwa tangu alipokuwa akifundisha.

Lakini bima ilikuwa na desturi yake. Kila duru ya mazoezi ikimalizika, humpigia mgonjwa simu kumuuliza kama bado ana haja ya tiba. Ikapigwa simu. Akazungumza msichana wa sauti ya asali, kwa Kiarabu cha adabu, akamuuliza Bi Khole hali yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipozaliwa balaa. Kwa watu wa Bi Khole, mtu baki akikuuliza hali, jibu ni hilo moja. Uwe umelala mguu juu na mpira puani, akichungulia mtu mlangoni akakuuliza hujambo, wewe hujambo, alhamdulillah. Kusema jengine ni kumshitaki Mola kwa waja wake, na isitoshe ni kumharibia mwenzio siku. Marehemu mume wa Bi Khole, Allah amrehemu, adhuhuri alimwambia daktari kuwa hajambo. Magharibi watu walikuwa wanarudi makaburini.

Basi msichana akauliza habari ya maumivu. Alhamdulillah. Habari ya kutembea? Alhamdulillah. Bado anahitaji mazoezi? Twamshukuru Mungu kwa kila hali. Msichana akamtakia heri, Bi Khole akamtakia mume mwema, wakaagana kwa mapenzi. Na kabla ya Isha ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mahfoudh: mgonjwa amethibitisha mwenyewe kuwa amepona, malipo yamesitishwa.

Mahfoudh akafika mbio, kanzu inapepea.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mtoto wa watu ananiuliza hali, nimmwagie maradhi yangu?"

"Mama, ile si salamu, ile bima!"

"Kwani bima haisalimii?"

Mahfoudh akafuta jasho. Akasema basi, atalipa yeye, na mambo yaishe. Bi Khole akaipiga fimbo sakafuni, miguu yote minne kwa mpigo mmoja.

"Wallahi hutoi hata baisa! Mimi nimekatwa bima hiyo tangu wewe unatambaa. Leo nikiitaka niambiwe nimepona, na kulipa ulipe wewe? Rufaa, Mahfoudh. Nnataka rufaa."

Rufaa ikakatwa. Jibu likaja kuwa watapiga simu tena Jumatatu, na hiyo ndiyo ya mwisho. Idi nayo ilikuwa inanyemelea.

Likaitishwa baraza la vita. Hapakuwa na majemadari wengi: alikuwepo Babirye tu, msaidizi wa korido, msichana kutoka Uganda mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, aliyempenda Bi Khole na kumwita mama kabira kama wanavyoitwa mabibi wa kule kazini.

"Leo mimi ndiyo bima," akasema Babirye, ameweka kitana sikioni. "Halo, mama kabira. Goti iko aje?"

"Alhamdulillah."

"Hapana! Khalas, umeharibu. Sema inauma."

"Ntaanzaje kusema linauma na wewe hujaniuliza watoto?"

Babirye akashusha pumzi, akaanza upya. "Halo, mama kabira. Watoto wazima?"

"Wazima."

"Na goti?"

"Zima."

Babirye akajipiga kofi la paji la uso. "Mama, kwetu mtu akiumwa anasema. Hata asiyeumwa anasema!"

Wakapigana hivyo siku nzima. Bi Khole alijaribu kuusemea ukuta, akashindwa, kwa sababu ukutani ilikuwepo picha ya mkwewe. Akajaribu kulisemea dirisha, mtunza bustani akampungia mkono. Mwisho akageukia friji dogo lililokuwa kwenye pembe ya chumba, lisilo ukoo wala jamaa, akalikazia macho, akanena kwa sauti iliyotetemeka, "Friji, nnaumwa." Friji likanguruma na kunyamaza. Babirye akapiga vigelegele hadi nesi akaja kuuliza nani kaolewa.

Ikapambazuka Jumatatu. Bi Khole alioga, akajifukiza udi, akavaa nguo yake ya darizi ya zari, kwani mtu haendi vitani na gauni la kulalia. Akaketi, fimbo kuume, Babirye kushoto, na nyuma yake Balqis, aliyekatazwa na sheria za bima asiseme hata neno moja, ameukamata mpira wake wa mazoezi. Bi Khole aliomba dua moja tu: apigiwe na mtu mkavu, asiye na salamu. Kwa mtu kama huyo angeweza.

Simu ikalia.

"Shikamoo, bibi," ikasema sauti ya kijana, Kiswahili cha mjini Unguja, laini kama kimetoka kupigwa pasi. "Mimi naitwa Maan. Tumeona wewe mtu wa Kiswahili, wakanipa mimi nikupigie."

Ole wako, Bi Khole! Wangemtuma jabari, ungemvunja. Wamekutumia mtoto mwenye adabu!

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

Akasema wa nani. Ikadhihiri kuwa bibi yake mzaa mama alizaliwa Malindi ya Unguja, nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi yake Bi Khole, na kwamba watu hao waliwahi kuazimana sufuria la harusi ambalo halijarudi hadi leo. Wakacheka. Wakarehemu waliokufa. Kila salamu ilikuwa tofali, na ukuta ulikuwa unapanda, na Bi Khole yumo ndani yake.

"Haya, bibi," akasema Maan kwa upole. "Maumivu ya goti, kutoka moja hadi kumi, unayapa ngapi?"

"Alhamdulillah."

"Bibi, hapa alhamdulillah haina namba."

"Kwani shukurani inahesabiwa, mwanangu?"

"Haihesabiwi, bibi. Niandike sifuri?"

Nyuma ya kiti Balqis akauvuta mpira wake kwa uchungu hata ukamponyoka na kumchapa puani, naye akalia kimyakimya kama sheria ilivyotaka. Babirye akainama, akanong'ona kwa nguvu iliyosikika hadi kwenye lifti: "Friji, mama kabira! Angalia friji!"

"Basi, bibi," akasema Maan, "nashukuru kusikia hujambo. Nafunga."

Nafunga! Bi Khole akakiona kiti. Akakiona kijimeza, na uma, na vichwa vya wajukuu kwa juu, na bega la shuwa likiondoka kwa unyenyekevu. Aliona haya, haya ya kweli, ile ya mtu anayevuliwa ushungi njiani. Akageuza uso, akalitazama friji.

"Ngoja, mwanangu!" akanguruma. "Usifunge! Nilisema sijambo, na kwa Mola wangu sijambo, namshukuru kwa kila alichonipa na kila alichoninyima. Lakini baina yangu na kampuni yako, Maan, mtoto wa watu wema: nnaumwa! Goti langu la kulia linaniuma. Linaniuma nikikaa, linaniuma nikiinuka, linaniuma nikilitazama. Wanangu wanakula chini na mimi niko juu peke yangu na uma. Nimechoka na uma! Andika!"

Akafumba macho akingojea radi. Radi haikuja. Kiyoyozi kiliendelea kuvuma, na upande wa pili wa simu mtu akakohoa kidogo.

"Niandike ngapi, bibi?"

Bi Khole akafikiri kwa uadilifu. "Kumi waachie wanaozaa. Mimi nipe saba."

"Saba. Na kampuni inataka lengo la tiba."

"Sinia."

"Niandike sinia?"

"Andika sinia. Upande wa dirisha."

Wasomi wa zama zijazo watakaofungua kumbukumbu za kampuni hiyo watalikuta neno hilo humo, nao watazozana. Siku chache baadaye ujumbe ukamfikia Mahfoudh kuwa rufaa imekubaliwa na gharama za mazoezi zitarejeshwa kama mwanzo. Balqis akarudi na mpira wake. Shibiri ikawa nusu shibiri, na nusu shibiri ikawa si kitu.

Ikaja Idi. Bi Khole akaingia ukumbini kwa Mahfoudh, na kiti chake kilikuwa tayari, kimewekewa mto. Akakipita. Akaikabidhi fimbo kwa mjukuu, akashuka hadi kwenye kigoda, akatua, akataja jina la Mola, akashuka tena. Goti likalia kama mlango wa stoo. Kisha Bi Khole binti Zahor akawa mkekani, mkono wake u karibu na wali, na vigelegele vikapaa hata mbwa wa Madinat Sultan Qaboos wakaitikia.

Ikabaki ngome. "Nisogelee huko, wifi," akasema.

Bi Shaikha alitabasamu, asisogee. Bi Khole akamtazama vizuri, kwa jicho lile lililokuwa likiwakamata wasichana waliodai wamesahau daftari nyumbani. Aliuona mkono ulioshika mkeka. Aliona midomo iliyobanwa. Akakumbuka kuwa huyu hufika wa mwanzo na kuinuka wa mwisho, wakati ukumbi hauna mtu wa kumwona anavyoinuka.

"Hujambo, wifi?"

"Sijambo, alhamdulillah."

"Shaikha."

Bi Shaikha akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nyonga," akanong'ona. "Tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, Khole?"

Bi Khole akalikata bega la shuwa, akalisukuma lote upande wa mwenziwe, na hakuna kitu alichowahi kukisukuma kwa uchungu zaidi. "Kula," akasema. "Nna namba ya kijana mmoja. Lakini kwanza tule, halafu twende jikoni."

Basi andikeni, enyi mliohudhuria, na wafundisheni watoto wenu: alasiri ya Idi hiyo, katika jiko la Mahfoudh, walisimama wanawake wawili mbele ya friji kubwa la milango miwili, wameshikana mikono ili asianguke mmoja wao. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Friji, nnaumwa kidogo." Na mwenziwe, mshindi wa simu ya pili, mrejeshewa gharama, mkombozi wa magoti na nyonga za Maskati nzima, akamwambia, "Toa hiyo kidogo. Anza upya."