Fomu ya Kuomba Kuhuzunika

Kwa heshima na taadhima, nautaarifu umma kwamba kujiamini kwa wasichana kumezinduliwa rasmi. Uzinduzi ulipangwa saa tatu asubuhi, ukafanyika saa saba mchana, mgeni rasmi alipofika. Wasichana mia nne walisimama juani wakijiamini. Wanne walizimia, na hao tumewahesabu kuwa wamenufaika na huduma ya kwanza.

Mimi ndiye Mratibu wa Kitengo kinachosimamia kujiamini huko. Kamati yetu ina wajumbe tisa, wote wanaume wazima wenye uzoefu mkubwa wa kujiamini. Mwanamke mmoja naye alishirikishwa kikamilifu: aliandika kumbukumbu za kikao.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukagua shule. Katika chumba cha cherehani nikamkuta mwalimu wa ushonaji, mama wa makamo ambaye wanafunzi wanamwita Mama Pindo. Daftari lake lilinishtua.

"Sketi ishirini na saba zimefumuka upindo ndani ya wiki moja?" nikamuuliza. "Watoto hawa wanapanda miti?"

"Wanazifumua wenyewe, mheshimiwa," akajibu, uzi mdomoni. "Wapate sababu ya kuja. Mimi nashona, wao wanaongea. Siwakodolei macho, naangalia sindano yangu. Basi, yanatoka."

"Yapi hayo?"

"Ya nyumbani. Ya darasani. Ya kuchukia sura yako kwenye kioo."

"Unatumia mwongozo gani?"

"Masikio."

Nikaandika: hakuna mwongozo. Siku hiyohiyo chumba kikapandishwa hadhi kuwa Kituo cha Kujiamini. Cherehani zikatoka, mabango yetu yakaingia, mlango ukatiwa kufuli ili kituo kisichafuliwe na watumiaji. Mama Pindo akapangiwa kusimamia bustani.

Kisha tukaleta utaratibu. Msichana mwenye huzuni anajaza fomu, nakala tatu, siku saba kabla ya kuhuzunika. Inasainiwa na mwalimu wa darasa, mkuu wa shule, na aliyesababisha huzuni. Huyo wa mwisho lazima ahudhurie ushauri nasaha, la sivyo mradi unasimama. Kifungu hicho nilikitunga mwenyewe, nikiwalenga wazazi.

Mwezi mzima hatukupokea fomu hata moja. Tukaripoti ngazi za juu kwamba huzuni imetokomezwa.

Ndipo akaja Mlingoti. Ni msichana wa kidato cha pili, mrefu kuwapita walimu wake. Mwalimu wa hesabu aliwahi kumwambia akae nyuma kwa kuwa kichwa chake kinaziba ubao. Darasa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo akawa anatembea amejikunja, hanyooshi mkono, na tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule. Kwa Mama Pindo alikuwa ameanza kunyooka, nasikia. Kituo kilipofungwa, yaani kilipopandishwa hadhi, tumbo likarudi. Wiki mbili hakuonekana darasani.

Alisimama mbele ya meza yangu, fomu mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Aliyekuhuzunisha ni nani?"

"Ni nyie."

"Nyie nani? Hapa tunaandika jina."

"Kitengo. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama mlivyoelekeza." Akaiweka fomu mezani. "Nilishapanga kuacha shule. Mama Pindo peke yake ndiye aliyejua. Mmemfungia mlango. Sasa nimwambie nani, bango?"

Nikamweleza kwamba bango lina namba ya simu.

"Nimepiga mara sita. Hapokei mtu."

Ilikuwa kweli. Simu hiyo inatunzwa vizuri sana, ndani ya droo yangu.

"Saini hapa, mzee," akasema, na akanyoosha mgongo. Sikuwa nimegundua kwamba dari la ofisi yangu ni la chini kiasi kile.

Nikamwambia arudi kesho. Alirudi, na wenzake mia moja na kumi na wawili, kila mmoja na nakala tatu. Kamati ikakaa siku mbili. Kusaini ni kukiri kosa. Kutosaini ni kuvunja mwongozo wetu wenyewe. Tukasaini. Tukatafuta mshauri mwenye sifa, tukamkosa kila mahali isipokuwa bustanini. Kufuli likafunguliwa, mabango yakatoka, cherehani zikarudi.

Nilikuwa wa kwanza kuhudhuria. Mama Pindo alinipa kigoda, akalichukua koti langu, akaanza kukaza kifungo kilicholegea.

"Nyumbani hawajambo?"

Nikajibu kwamba mambo ya nyumbani hayamo katika hadidu za rejea.

"Binti yako ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne," nikasema. Nikafikiri kidogo. "Kumi na sita."

"Mara ya mwisho mmeongea lini?"

Nikaomba muda wa kupitia jalada. Akaendelea kushona. Kikao kilichopangiwa dakika kumi kilichukua saa moja na nusu. Wajumbe wanane waliokuwa wakisubiri nje waliripoti kusikia mtu akilia. Napenda kufafanua kwamba lilikuwa vumbi la vitambaa.

Jioni ile nilibisha mlango wa binti yangu.

"Kuna kikao, baba?" akauliza kutoka ndani.

"Hapana. Nimekuja tu."

Akasema ana shughuli, nisubiri hapo nje mpaka amalize.

Tangu nipandishwe cheo sijawahi kumsubiri mtu. Nilikaa chini, kwenye sakafu ya ukumbini, nikasubiri.