Pumzi za Akiba

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechaguliwa! Jumamosi tunaenda Kangema kujadili mahari ya mpwa wangu Mburu, na msemaji ni mimi. Shemeji yangu Gikonyo alikuwa ameitaka sana nafasi hiyo. Amewaambia wazee ati mapafu yangu yamechakaa, nitakwama kwenye salamu. Wivu tu.

Jumanne, 5 Agosti
Nina mpango. Inhela yangu ya pumu, ile ya kuvuta kila siku, naiacha kabatini hadi Jumamosi. Dawa ikirundikana, pumzi nazo zitarundikana. Daktari alisema nisikose hata siku moja, lakini yeye ni kijana, hajawahi kusimama mbele ya wakwe. Mke wangu Waithira aliuliza kama nimevuta dawa. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nakohoa. Baridi ya Agosti hiyo. Nikitoka sokoni nilisimama kila baada ya hatua chache, nikijifanya natazama Mlima Kenya. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Jirani akataka kujua naona nini.

Jumapili, 10 Agosti. Wodini, Nyeri
Aibu! Jana asubuhi nilivuta akiba yote kwa mkupuo. Mikono ikatetemeka, nikajua nguvu zinaingia. Kule Kangema nikasogelea moto wa kuchomea mbuzi ili moshi unilainishe kifua. Tukaitwa. Nikasimama, nikasema, "Wakwe zetu." Sikuendelea. Hewa iligoma kuingia. Niliogopa kufa, na hilo naliandika mara moja tu. Walinibeba hadi garini, na nyuma yangu nikasikia Gikonyo akisafisha koo.

Waithira amekuta inhela kabatini, ikabidi nimweleze mpango wangu. Alilia kwanza, kisha akasema, "Baba Ben, hiyo dawa si mahindi ya kuweka stoo."

Jumatano, 13 Agosti
Nimerudi nyumbani. Waithira ananisimamia nikivuta, asubuhi na jioni, kama mtoto wa nasari. Gikonyo alikuja kunijulia hali. Akasimulia kwamba wakwe walipoona mtu anataka kuwafia uani, waliingiwa na huruma, wakapunguza masharti karibu yote, wakamaliza hata mbuzi hajaiva. Alidhani nitacheka.

Sikucheka. Kumbe aliyewalegeza wakwe ni mimi, kwa maneno mawili! Gikonyo alibwabwaja tu. Desemba tunaenda Kerugoya kumposea mwanangu Ben, na wakwe wale nasikia ni wagumu. Nimeshaanza kujiandaa. Waithira akigeuka, dawa naipulizia dirishani.