Meno Yangu Mnadani

Leo nimeaibika mbele ya usharika mzima, tena nikiwa na maikrofoni mkononi.

Mnajua sina meno mawili ya mbele. (Hamkujua. Hata nyumbani anayejua ni mke wangu tu. Naandika kabla wambea hawajawafikia.) Daktari wa meno pale mjini aliniwekea mezani njia tatu. Kupandikiza: skrubu ndani ya taya, jino juu yake, halitoki tena. Daraja: anachonga meno ya jirani yabebe yale ya bandia. Au kipande cha plastiki chenye meno, cha kuvaa na kuvua. Nikamcheka. Skrubu mdomoni, kwani mimi kabati? Shemeji yangu Elibariki alipandikiza, sasa anatabasamu hata msibani. Upuuzi mtupu. Nikachukua ya kuvua.

"Mzee, yakilegea rudi tuyakaze," daktari akasema.

Yakalegea. Sikurudi. (Mimi ni mjuaji.)

Basi leo baada ya ibada, huku Nkoaranga, tukatoka nje kunadi sadaka za mazao kama kawaida. Dalali wa kanisa ni mimi. Nikanadi mayai, nikanadi mkungu wa ndizi, sauti inazidi kupanda. Kikaja kikapu cha maharage. Bibi Naetwe akawashinda wote.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu!"

Meno yakaruka, yakazama kwenye maharage.

"Shikamoo Bibi," nikasema nimeziba mdomo. "Naomba nichukue kitu changu humo."

"Marahaba. Kitu chako kipi? Si umeshasema mara ya tatu? Nimenunua kikapu na vilivyomo."

Nikamtazama mchungaji aniokoe. Akasema sheria za mnada anazijua dalali mwenyewe. (Asante sana, mchungaji.)

Bibi akayachomoa meno, akayafuta kwa kitambaa, akayaweka mezani. "Nayatoa sadaka. Yanadi."

Nikanadi meno yangu mwenyewe, bila meno, kila neno likitoka na upepo. Nikataja bei yangu. Elibariki akainua mkono, akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza tena, anatabasamu. Mimi ndiye ninayemwita aongeze, na mimi ndiye ninayemwomba kwa macho aache! Nilipoyapata, mfuko ulikuwa mweupe na akinamama wa kwaya wameketi kwenye nyasi, hawana nguvu za kusimama.

Mchungaji akatangaza kwamba mnada haujawahi kubarikiwa hivi.

Ombi langu ni moja: ukicheka, cheka umefunga mdomo. Leo sitaki kuona meno ya mtu.