Njia ya Gari Isiyo na Gari

Jumatatu, 5 Mei 2003

Nimeamua. Njia ya gari ya marehemu baba ivunjwe, ijengwe mpya!

Ile ya zamani ni aibu. Inatoka langoni hadi kwenye banda, simenti tupu, ya pekee mtaani kwetu, lakini imepasuka kama kisigino cha mkulima. Majani yameota kwenye nyufa. Kuku wa jirani anatagia katika shimo la katikati. Gari lenyewe hatuna. Pikapu ya baba iliazimwa na askari katika vita vya kwanza. Sasa tuko katika vita vya pili na bado wanaiazima.

Ila akili ninayo. Nimesikia sokoni kwamba shirika moja la misaada, kutoka Uvira, linatafuta nyumba ya kupanga hapa Baraka. Watu wa mashirika na gari ni kama konokono na gamba lake. Watachagua nyumba yenye njia nzuri, nani asiyejua? Jirani yangu Albert, fundi wa nguo, naye amesikia. Tangu asubuhi anapaka chokaa mawe ya uani mwake. Maskini. Chokaa!

Nikamweleza mke wangu Pulchérie. Akauliza, "Baba Fanny, gari iko wapi?" Nikamwambia gari litakuja. Akauliza bamama wataanika wapi ndakala. Maana yeye na wenzake huanika visamaki vyao juu ya simenti ile, ndivyo wanavyouza, ndivyo tunavyokula. Nikasema wataanika kwingine. Huyu mwanamke haoni mbali.

Jumanne, 6 Mei

Nimeazima nyundo kubwa. Pigo la kwanza: simenti haikutikisika. Pigo la pili: kidole gumba cha mguu. Nadhani baba alijenga njia hii akiwa na hasira na mtu.

Nikaketi kivulini, mguu ndani ya beseni, nikafikiri. Wazo likaja! Kwa nini nivunje mwenyewe? Watu wanaorudi kutoka ukimbizini ng'ambo ya ziwa wanajenga upya nyumba zilizochomwa. Hawana mawe ya msingi. Nikachechemea mtaa mzima nikitangaza: anayetaka vipande vya simenti aje avunje, abebe, bure.

Pulchérie alipata habari kwa majirani. Alichukua beseni lake tu.

Jumatano, 7 Mei

Wamekuja! Nyundo, nyimbo, vumbi, vicheko. Kabla ya chakula cha mchana njia ilikuwa imeondoka. Nilisimama juu ya ngazi ya mlango, mikono kiunoni, kama msimamizi wa kampuni.

Tatizo moja dogo. Wamebeba vipande vizuri wakaniachia makombo. Aliyebeba vingi kuliko wote ni Albert. Alikuja na toroli. Akachukua hata kile kipande cha langoni ambacho baba aliandika jina lake kwa kidole simenti ikiwa mbichi.

Jioni nikachungulia juu ya ua. Albert ana njia ya gari. Ya simenti. Ya baba yangu!

Nikamwita mwizi. Akanijibu kwa upole kwamba tangazo lilisema bure, tena mimi mwenyewe nilimsaidia kuinua. Ni kweli nilimsaidia. Nilidhani anajenga choo.

Ijumaa, 9 Mei

Simenti mpya haipatikani Baraka nzima. Boti zinazotoka Kigoma zinaleta chumvi, sabuni na vitenge. Barabara ya Uvira, kila kizuizi kina askari wa kundi lake, hakuna mwenye lori anayethubutu. Mtu mdogo angekata tamaa. Mimi nimekwenda kuchimba kichuguu.

Udongo wa kichuguu! Mwekundu, mlaini, mtamu kutazama. Nimeutandaza juu ya makombo, nikaumwagia maji, nikaupigapiga kwa ubao hadi ukang'aa kama mkate uliopakwa mafuta. Watu wanasimama barabarani kutazama. Albert hasimami. Albert anapita akitazama upande mwingine. Furaha iliyoje!

Bamama wameanika ndakala mchangani. Bata wamekula nusu. Nusu iliyobaki inalia menoni, na mnunuzi mmoja amerudisha fungu lake kwa matusi. Pulchérie amepika sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Akasema mboga ile ni ya watu wa njia nzuri.

Jumapili, 11 Mei

Wamekuja kuona nyumba.

Sio shirika. Ni komanda mpya aliyefika juzi na askari wake. Ana jeep, na anatafuta nyumba yenye mahali pa kuiweka. Alitembea juu ya udongo wangu polepole, mikono mgongoni, akipiga kisigino hapa na pale. "Bien, bien," akasema kwa kuridhika. Akaniuliza nani aliijenga. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi. Mdomo wangu huu!

Akasema atahamia Jumatano. Sisi tutafute pengine.

Ninajua maana yake. Norbert, mvuvi wa mtaa wa chini, alichukuliwa nyumba mwaka jana kwa "siku chache". Hadi leo yeye na wanawe wanalala darasani, na asubuhi wanakunja mikeka ili watoto wasome.

Niliporudi ndani Pulchérie alikuwa anafunga sufuria kwa kitambaa. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema bila kunitazama, "Mi nilikimbiaka askari. Nilikimbiaka njaa, nikavuka ziwa na mutoto mugongoni. Leo nakimbia njia ya bwana yangu."

Kwa mama mkwe Félicité kuna chumba kimoja, na mama mkwe Félicité yumo ndani yake.

Jumatatu, 12 Mei

Nina mpango. Nimekwenda kambini, nikavua kofia, nikamweleza komanda kwamba kwa heshima yote udongo wangu ni mwepesi kwa jeep ya mtu mkubwa kama yeye. Lakini jirani yangu ana simenti! Imara! Ya zamani!

Komanda akasema atakwenda kuiona. Nikarudi nikipiga mluzi.

Mluzi ulikatika mbele ya nyumba ya Albert. Mkewe, Immaculée, alikuwa ameketi mlangoni akimwogesha mtoto. Alizaliwa juzi tu, bado ana mikunjo ya mzee. Immaculée akaniita nije nimwone, akasema ana masikio kama ya marehemu baba yangu, labda ni sababu ya ile simenti. Akacheka. Nami nikacheka. Nikapita haraka.

Sikuweza kula. Lakini pia hapakuwa na samaki.

Jumanne, 13 Mei

Komanda alikwenda kwa Albert. Albert alimwonyesha kile kipande chenye jina la baba. "Soma, Komanda. Hii si yangu. Mwenyewe ni jirani yangu Anatole, mtoto wa huyu." Komanda akarudi kwangu akiwa amefurahi sana. Alisema hajawahi kukutana na mtu mwenye njia mbili za gari. Anahamia kesho.

Nikaenda kumlaumu Albert. Nikamkuta anashona, akaendelea kushona. Akauliza ni nani aliyemwelekeza komanda kwake. Nikamwuliza mtoto anaendeleaje.

Mpango mpya: leo jioni nimwage maji juu ya udongo, ndoo kwa ndoo, kesho komanda aone matope, aghairi. Nimeteka ndoo mbili tu, mvua ikaanza. Mvua ya mwisho ya msimu, ile inayonyesha kama imetumwa! Nikaimba.

Jumatano, 14 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilitoka nikakuta njia yangu imekuwa uji mwekundu wenye mashimo. Vizuri! Ndivyo nilivyotaka. Lakini jamani, ilikuwa mbaya kutazama. Watu wangepita na kusema Anatole hajui kazi. Nikachukua ubao, nikaisawazisha juu juu kidogo tu. Kidogo kingine. Ikang'aa.

Komanda akafika na jeep, magodoro na viti juu, askari wakining'inia pembeni. Akaona njia inang'aa. Akaingia kwa mwendo.

Jeep ilizama hadi tumboni.

Dereva akaongeza moto. Matairi yakazunguka, udongo ukaruka, askari wote wakawa wekundu, na komanda mwenyewe alishuka akazama hadi magotini. Kiatu chake kimoja hatujakipata. Akaniita msaliti. Akasema nimemtegea. Akaamuru nifungwe mikono, na kamba ikaletwa kweli. Nilitaka kueleza kwamba mtego unahitaji akili.

Ndipo Pulchérie akaja, na nyuma yake bamama wote wa ndakala, wamebeba kamba nene za nyavu.

"Komanda," akasema, "huyu bwana yangu hawezi kutega hata panya. Muachie. Hii nyumba ndiyo inakulaka magari. Ilikula pikapu ya baba mukwe, sasa inakula yako."

Komanda akanguruma kwamba pikapu haimhusu.

"Na askari bako, bamekula nini jana?"

Askari mmoja, uso mwekundu wote, akajibu kabla ya komanda: ugali mukavu.

"Sababu ndakala hakuna. Tulikuwa tunaanika hapa, juu ya simenti. Bwana yangu aliivunja. Leo tunaanika muchanga, bata banakula. Ukikaa hapa na jeep yako, tutaanika wapi? Utakula jeep?"

Nikasikia tope likitoa povu.

Komanda akawatazama askari wake. Askari wakatazama chini. Mwishowe akasema jeep ivutwe kwanza. Bamama wakafunga kamba, wakaimba wimbo wao wa kuvuta nyavu, na jeep ikatoka ikilia kama ndama. Komanda akaamuru simenti yote irudishwe hapa, kila kipande, watu wake wale samaki. Yeye atalala katika ghala la zamani la pamba, lenye sakafu ngumu.

Kamba ikafunguliwa. Nilimshukuru Pulchérie. Akaniambia ninawe miguu kabla ya kuingia.

Jumamosi, 17 Mei

Watu wamerudisha vipande vyao. Norbert alileta vyake begani. Albert amekuja na toroli. Nilimwomba msamaha, kwa sauti ndogo. Akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema sasa amesikia, ila angependa Immaculée naye asikie. Nikaenda nikarudia mara ya tatu, mtoto akanikojolea. Tukapanga vipande pamoja, mimi na Albert, hadi jioni. Njia imejaa viraka na mabonde, hakuna gari litakalopita humo tena. Bamama wameshaitandaza ndakala kutoka langoni hadi bandani. Inang'aa kama fedha. Tumekula samaki!

Jumapili, 18 Mei

Habari kubwa! Watu wa shirika wamefika. Gari hawana! Barabara imewashinda, wamekuja kwa boti, wamepewa vyumba vya muda parokiani, na wanalalamika kwamba parokia iko mbali na maji.

Mbali na maji! Kutoka ufukweni hadi ukuta wetu wa nyuma pana shamba moja la muhogo tu, nalo ni la mama mkwe Félicité. Mfereji ukichimbwa katikati yake, boti itaegeshwa chini ya dirisha letu. Nyumba gani Baraka ina boti dirishani? Nimepima kwa macho. Ardhi inapanda kidogo kuelekea kwetu, lakini maji yakishaanza kuja yatazoea.

Pulchérie yuko kanisani. Muhogo wa kwanza umeng'oka kwa urahisi kabisa.