Jinsi Nilivyomnyang'anya Farouk Solo

Jumatatu, 6 Oktoba
Mazoezi Igoma. Mzee Muhidin, kiongozi wa bendi yetu, amemwambia Farouk kwamba solo zake za gitaa zinafanana zote, kama mtu anayesimulia safari moja kila siku. Farouk akanuna. Nikainama kufunga kamba za viatu nisionekane nacheka. Nilikuwa nimevaa kandambili.
Jumamosi tuna harusi Ilemela. Mzee anasema atakayeleta ladha mpya ndiye atakayepiga solo. Mimi hupiga ridhimu, gitaa la kusindikiza. Nyuma, karibu na jenereta.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimembebea Adventina, mwimbaji wetu, spika zote mbili ili anipe siri. Baba yake alikuwa mpiga gitaa Bukoba. Ameniambia nijaribu oktava: sauti ile ile, ya chini na ya juu, zikipigwa pamoja. Unabana nyuzi mbili, unaruka mmoja wa katikati, na huo unaunyamazisha kwa ubavu wa kidole. Solo inanenepa. Akaongeza kwamba nitumie kidogo tu, hapa na pale. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.
Nikampitia Farouk. Nikamwambia kwa huzuni kwamba oktava siku hizi zimepitwa na wakati, asihangaike nazo. Akanishukuru.

Jumatano, 8 Oktoba
Uzi wa katikati haunyamazi. Unalia kama mbuzi aliyefungwa. Mama mwenye nyumba, Dorcas, amegonga kuuliza kama nina mgonjwa ndani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Dawa imepatikana. Nimeung'oa uzi wa katikati.
Mazoezini nilipiga oktava mpaka Mzee akafumba macho. "Jovinary, mwanangu," akasema, "ulikuwa wapi siku zote?" Nikamjibu nilikuwa karibu na jenereta. Nimepewa solo. Farouk apige ridhimu. Alinipa mkono wa pongezi. Nilimhurumia, si sana.

Jumamosi, 11 Oktoba
Harusi. Wimbo wa kwanza, oktava. Watu wakanyanyuka, bibi harusi Kokulinda mbele. Wa pili, oktava. Wa tatu pia. Kufika wa tano, waliobaki wanacheza ni shangazi mmoja na mpiga picha.
Mzee akaninong'oneza nirudi kwenye noti moja moja, watu wapumue. Nikarudi. Kidole kikaenda kwenye ule uzi, kikakuta hewa. Solo ikawa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikakimbilia oktava tena. Shangazi akakaa.
Mzee akamwashiria Farouk. Huyo akaanza na noti moja moja, taratibu, kama kawaida yake. Halafu, kwenye kiitikio tu, akaingiza oktava. Chache. Safi. Ukumbi mzima ukasimama.
Kumbe nilipomwambia zimepitwa, alikwenda moja kwa moja kumuuliza Adventina ni kitu gani.

Jumapili, 12 Oktoba
Mzee Muhidin ameniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa uchovu. Amesema oktava hazina kosa. Kosa ni kumlisha mtu mboga moja asubuhi, mchana na jioni. Nirudishe uzi, nirudi ridhimu, nijifunze pole pole. Nilimsikiliza kwa adabu.
Nimetembea ufukweni nikitafakari maneno yake, na nimeelewa. Gitaa langu lina nyuzi nyingi mno. La besi lina nne tu, na Luhende, anayelipiga, ni mtu mpole, huamini kila anachoambiwa.
Kesho nampelekea samaki, sato mkubwa, tuzungumze.