Firigisi ya Mkwe Kwenye Dari la Jikoni

Jamani, leo sina pa kuweka uso. Nawaandikia ninyi tuliokaa dawati moja kwa sababu habari hii itafika Mbalizi kabla ya gulio la kesho, na nataka muipate kwangu kwanza. Mkiona mwandiko umepinda, ni kwamba nimekaa upande mmoja wa kiti, tayari kuondoka.

Jana jioni walifika wakwe kutoka Igowole, kumposa binti yetu Atupele. Walikuja wawili: baba wa kijana, na mshenga wake, mzee mfupi mwenye maneno mengi. Mazungumzo tukayaweka asubuhi. Tukachinja jogoo.

Sasa, kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Akija mkwe, anapewa mkwe. Jana nikaona uchungu kuiachia. Mama Atu alipokwenda kutandika mkeka, nikaingia jikoni, nikachota firigisi na ini sufuriani kwa vidole. (Vidole vilivyotoka kumfunga ndama. Sikunawa. Mimi, ninayewafokea wajukuu kila siku habari za vijidudu.) Nikafunika kwenye bakuli, nikaficha darini juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu. Baridi ya Juni hapa Uyole mnaijua. Nikajiona nimepata mahali penye joto zuri.

Wakati wa kula, mshenga akapinduapindua mchuzi.

"Mama, majogoo wa huku hawana firigisi?"

Mama Atu akanitazama. Nikasema, "Paka huyo."

Asubuhi, wanawake walipokwenda kuchota maji, nikapanda kigoda, nikashusha bakuli. Lilikuwa bado vuguvugu. Harufu haikuwa ya jana. Nyumbani kwangu kiporo huchemshwa mpaka kitokote, ndiyo sheria ya Mama Atu. Lakini kuchemsha ni kuchochea moto, moto una moshi, na moshi huleta maswali. Nikala hivyo hivyo, nimesimama.

Saa nne tukaketi. Desturi yetu ni kwamba baba wa binti akiinuka mshenga anaposema, amekataa posa. Haongezi neno, na wageni hawaulizi. Atupele alikuwa nyuma ya mlango wa uani anasikiliza. Niliviona vidole vya miguu yake chini ya mlango. Anampenda yule kijana.

Mshenga akaanza na babu wa kijana. Tumbo likanguruma. Akahamia shamba la pareto. Likanguruma tena, mkwe akatazama dirishani kama kuna lori linapita. Nje ukungu, mimi jasho.

"Fupisha, mzee wangu," nikamwambia.

"Mambo ya ndoa hayana haraka, baba," akasema, akaanza kutaja ng'ombe mmoja mmoja kwa majina.

Kwenye ng'ombe wa tatu nikainuka. (Kusema kweli niliinuliwa.) Nikapita mlango wa uani, nikamkumba Atupele, mbio hadi chooni.

Subirini kidogo.

Nimerudi. Basi, nikiwa kule, Mama Atu akaja akasimama nje ya ukuta wa matete.

"Baba Atu, wageni wamebeba mkoba."

"Waambie sijakataa. Naumwa tumbo."

"Nimewaambia. Mshenga anasema ndivyo wakubwa wanavyokataa kwa adabu. Tumekula sufuria moja jana, mbona wengine wazima?"

Nikasikia viatu vya mkwe vinaelekea barabarani. Kisha sauti ya Atupele, ndogo kabisa: "Baba, tafadhali."

Nikapaza sauti mle mle nilimo, majirani wote wakasikia: "Mkwe, rudi! Firigisi yako niliiba mimi. Niliificha darini, nimeila asubuhi bila kuichemsha. Sijakataa kitu!"

Halafu mshenga: "Apa."

"Nitaapaje nikiwa huku?"

"Huko ndiko mtu hasemi uongo."

Mkwe, ambaye tangu jana alikuwa hajatoa hata tabasamu, akacheka mpaka akashikilia ukuta wangu, nami nikaogopa utaanguka. Wakarudi. Ila mimi sikuweza kutoka, hivyo mshenga akamalizia maneno yake papo hapo nje ya choo, ng'ombe wote waliobaki. Ndugu zangu, nimekubali posa ya binti yangu nikiwa nimechuchumaa.

Mama Atu hakunigombeza. Amenipa maji yaliyochemshwa na uji mwepesi, amelisugua bakuli kwa majivu mara nyingi kuliko linavyohitaji. Kisha akasema, "Angeona mjukuu akala, tungekuwa tunacheka sasa?" Kigoda kile hata wajukuu wanakipanda.

Harusi ni baada ya mavuno, na mmealikwa. Nawaomba mcheke mkiwa huko huko makwenu mmalize, maana mshenga bado yupo, na kila nikipita kwenda uani ananiuliza kama nimebadili mawazo.