Ritani ya Mwisho ya Washona Mapazia

Umma unatangaziwa kwa heshima zote kwamba Kitengo cha Hatima za Ubia, hapa Söderhamn, kimebakiwa na faili moja tu. Likifungwa hilo, mkuu wake, Torkel Ekdahl, anapandishwa cheo na kuhamia Stockholm.

Faili ni la Gunvor na Siv, mawifi walioshona mapazia miaka thelathini, wakavunja ubia wao kwa amani na kuleta ritani ya mwisho ya kodi. Torkel aliikataa, na haki alikuwa nayo. Ritani husainiwa na ubia, na ubia uliovunjika utasaini vipi? Akawaelekeza waufufue. Walipoufufua, akaona ubia ulio hai hauwezi kuleta ritani ya mwisho, akawaelekeza wauvunje. Danadana hiyo ilimaliza mwaka, na mnunuzi wa duka lao sasa alikuwa amewapa mpaka Ijumaa tu wawe wamemalizana na kodi.

Alhamisi Gunvor akaingia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimtia Torkel wasiwasi.

"Torkel, nimesoma mwongozo wako wote. Ukurasa wa tisa unasema anayeuelekeza ubia mwaka mzima anahesabiwa mbia."

"Nimeuandika mwenyewe huo," Torkel akajibu, kifua mbele. "Dawa ya waume wanaojificha nyuma ya wake zao."

"Haya, sisi mwaka huu katuelekeza nani?"

Torkel si mtu wa kukanyaga kanuni, sembuse yake. Akapekua faili, akakuta barua za maelekezo arobaini na moja, zote kasaini yeye. Gunvor akamsogezea fomu taratibu: yeye na Siv wanajitoa na duka lao, ubia na ritani yake wanamwachia mbia aliyebaki. Saa tatu ilikuwa imefika, wenzake wanamsubiri kwa kahawa na maandazi ya mdalasini. Akagonga muhuri.

Ijumaa duka likauzwa, mawifi wakaenda zao ziwani.

Mtumishi wa umma hutakiwa kutaja kazi zake za pembeni, naye Torkel akataja bila kuficha: mshona mapazia. Stockholm wakamjibu kwa upole kwamba cheo kipo, afunge kwanza biashara yake.

Jumatatu asubuhi akachukua namba ya foleni, akangoja ikaitwa, akazunguka upande wa pili wa kaunta, akaisoma ritani yake kwa makini. Akaikataa.